Ng'ombe Kumi wa Ng'ambo

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Wapimaji wa mpaka wamepita kijijini wakifukua mawe yaliyomezwa na nyasi. Jiwe moja limeibuka katikati ya boma letu: nyumba ya bibi imebaki Tanzania, nyumba ya mama imeangukia Kenya. Siku ya tatu mzee mmoja kutoka ng'ambo akashuka kwenye bodaboda, akakataa maji, akakataa kiti. Akasema amekuja kuchukua kilicho chake. Mama alipotoka jikoni na kumwona, sufuria ilimponyoka. "Kaka!" alisema. Jioni hiyo hiyo ritongo, baraza letu la kimila, likaitwa.

SASA ENDELEA...

Umande ulikuwa haujakauka mkuyu ulipojaa watu. Wazee walikalia vigoda, fimbo katikati ya magoti. Vijana walichutama nyuma yao kwenye nyasi. Wanawake waliketi kando, upande wa migomba, mahali ambapo mtu anasikia kila neno lakini haulizwi neno. Robo tatu ya tarafa ingetosha pale.

Nusu ya mkutano ilikuwa imevuka alfajiri kutoka ng'ambo kwa njia ya shambani, na hakuna aliyewauliza kitu. Forodha iko Sirari, kwenye lami, ambako maofisa wa nchi mbili wanaketi chini ya paa moja na kugonga mihuri. Kwetu muhuri haujawahi kufika. Simu yangu nikiwa kwa bibi inashika mtandao wa Tanzania. Nikimpelekea mama chai, hatua thelathini tu, inaniandikia ujumbe wa kunikaribisha Kenya. Duka la karibu linapokea shilingi zote mbili, na mwenye duka, ambaye hakumaliza darasa la nne, anabadilisha bei kichwani haraka kuliko mhasibu wa benki. Wapo majirani wenye kitambulisho cha NIDA kabatini na kipande cha Kenya chini ya godoro. Kila mtu anajua ni nani. Hakuna anayesema.

Nilimwendea mgeni. "Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Alinitazama usoni, macho yakashuka hadi kwenye meno yangu, yakatulia hapo.

Nina mwanya mpana wa mbele. Mama hana. Mjomba, nilipomwona akiongea na jirani yake, naye hana. Ni jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote hii bila kulisema, na sababu yake nitaieleza baadaye kidogo.

Mwenyekiti wa ritongo alisimama, akagonga fimbo chini mara moja.

"Jiwe halikutuita hapa," alianza. "Jiwe lina wenyewe, wako Dodoma na Nairobi. Sisi tumeitwa na ng'ombe."

* * *

Mimi ni mwalimu wa Historia. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimeandika ubaoni mwaka 1886, nikashika rula na kuvuta mstari kutoka mdomo wa Mto Umba kule pwani, nikaupindisha kuuzunguka Kilimanjaro, nikaufikisha Ziwa Victoria pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapogusa ufuko wa mashariki. Waingereza huku, Wajerumani kule. Watoto hunakili kwenye daftari, kengele inalia, tunatoka. Ni mstari rahisi sana kuchora.

Asubuhi ile nilikuwa nimeukalia.

Walioupanga walikuwa Ulaya, na mkuyu wetu hawakuwahi kuuona. Wairege walilala ukoo mmoja, wakaamka na watawala wawili. Wanyabasi vilevile. Wakira vilevile. Septemba 1914 Wajerumani wakauvuka mstari wao wenyewe kwenda kupigana na Waingereza Kisii, na Wakurya wa huku na wa kule wakajikuta wanahesabiwa kuwa maadui, watu ambao msimu uliotangulia walikuwa wametahirisha vijana wao pamoja. Baada ya vita hiyo bendera ya upande wetu ikabadilika kutoka ya Mjerumani kuwa ya Mwingereza. Mwingereza huku, Mwingereza kule, na mstari ukabaki palepale! Hilo huwa linawashangaza wanafunzi wangu kuliko yote, na sijawahi kuwa na jibu la kuwaridhisha.

Lakini kijiji chetu hakikuendeshwa na mstari. Kiliendeshwa na ng'ombe. Ng'ombe walipotoka boma hili kwenda boma lile, mtoto wa kike alitoka boma lile kuja hili, na watoto aliowazaa wakawa wa huku. Ni hesabu iliyokuwapo kabla ya Umba, kabla ya rula. Mtu akikuuliza wewe ni wa wapi, alikuwa anauliza: ng'ombe waliomleta mama yako walitoka zizi gani?

Swali hilo ndilo mjomba alilokuja nalo.

* * *

"Wazee wangu," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyeyasema maneno hayo peke yake usiku mwingi. "Mwaka 1977, mwezi wa kwanza, huyu mama hapa alikuja kwa baba yetu na wazee wawili. Alikuwa mjane. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alitaka mke."

Msomaji ambaye si wa Mara, naomba utulie hapa nami. Bibi yangu hakuzaa mtoto wa kiume, na kwetu boma lisilo na mtoto wa kiume huzimika kama moto usiochochewa. Mila ikampa njia: mwanamke kama yeye, akiwa na ng'ombe, anaoa. Anatoa mahari, analeta msichana nyumbani, na msichana huyo anaitwa mokamona, mkwe, kana kwamba ameolewa na mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto anaowazaa ni wa nyumba ile. Ndiyo nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui, maana sheria ile inajua mume na mke tu. Lakini mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Shamba ninalolima nimelirithi kwa njia hiyo, na bibi yangu amenilea kwa upendo ambao sijauona umezidiwa popote.

Kuna jambo moja tu ambalo mtoto wa nyumba ntobhu haulizi. Haulizi mwanamume alikuwa nani. Ng'ombe wameshajibu.

Sasa unaelewa kwa nini sikuwahi kuuliza habari ya mwanya.

"Wakakubaliana ng'ombe kumi na wanane," mjomba aliendelea. "Wanane walivuka wiki ileile, nikawapokea mimi kwa mikono hii. Dada yangu akaja huku. Kumi wangefuata baada ya mavuno. Wazee, mnakumbuka nini kilitokea mwezi wa pili?"

Walikumbuka. Vichwa vya mvi viliinama kote, wa huku na wa kule. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Waliokuwa sokoni Isebania, ng'ambo, siku hiyo walirudi gizani kama wezi wa mali yao wenyewe. Mtu aliyefiwa na dada yake ng'ambo alisikia vilio kwa masikio yake, akakaa na msiba nyumbani kwake, akihesabu siku za matanga kwa kusikiliza.

"Nilikuwa na miaka ishirini," mjomba alisema. "Kila Mkurya hapa anajua ng'ombe wa dada ni mke wa kaka. Wale wanane baba alilipia deni. Wale kumi ndio waliokuwa wangu. Nilikuwa na mchumba. Alisubiri mavuno ya kwanza. Alisubiri ya pili. Ya tatu akaolewa Ntimaru na mtu mwenye ng'ombe. Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983 nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mke, sina zizi, vijana niliotahiriwa nao wana watoto wanaochunga. Nilinyamaza. Niliwaza, huyu mama ni mjane, nchi zetu ndizo zilizogombana, nitamdai vipi mjane?"

Akageuka akaonyesha boma letu kwa fimbo.

"Lakini sasa nasikia wamelifukua jiwe. Nasikia nyumba ya dada yangu iko kwetu. Basi nimekuja na hesabu mbili, na zote mbili zinaleta jibu moja. Kwa hesabu ya mila, ng'ombe hawakutimia, dada yangu hakuolewa. Kwa hesabu ya serikali, anakolala ni Kenya. Namtaka dada yangu. Namtaka na mwanawe. Na shamba lililo upande wetu wa jiwe litafuata nyumba yake."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mwanawe ni mimi. Nina umri wa kuitwa mzee shuleni, nina watoto watatu, na nilikuwa nadaiwa pale kama ndama.

Sikumchukia. Nataka hilo lijulikane. Nilimtazama shingo iliyokonda ndani ya koti la zamani, nikaiona ile miaka sita ikiwa imekaa mwilini mwake kama kovu.

* * *

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, macho yamefumbwa. Anakaribia miaka tisini. Alizaliwa upande wa Serengeti, karibu na Machochwe, kwa watu waliokuwa wakichunga hadi Lamai kabla ya ardhi ile kuunganishwa na hifadhi katika miaka ya 1960. Amehamishwa mara mbili maishani mwake: kwanza hifadhi, kisha Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, alipoambiwa abomoe nyumba aliyojengewa na mumewe asogee karibu na barabara. Alisogea. Mwaka mmoja baadaye akarudi palepale pa zamani, na hakuna kiongozi aliyethubutu kumfuata.

"Mama," mwenyekiti alimwambia kwa upole, "umesikia. Ng'ombe kumi. Walivuka, au hawakuvuka?"

Bibi alifungua macho. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama mjomba.

"Mwanangu, ulingoja muda mrefu kunidai. Ungenidai mapema ningekufa nikiwa mwepesi."

Kisha akaniita kwa kidole. "Mura, nenda ndani. Juu ya kitanda changu, kwenye nyasi za paa, upande wa ng'ambo. Kuna kitu kimefungwa kwa ngozi. Kilete. Usikifungue."

Nilikwenda. Nilipokuwa nimesimama juu ya kitanda nikipapasa masizi, niliisikia sauti yake huko nje, nyembamba, ikianza.

"Mnaizungumzia miaka ile kama mliisoma. Mimi niliila. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, vijana wa kijiji hiki walikwenda wakajaza lori. Tukabaki wanawake na wazee. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Chumvi tunapimiana kwa kijiko. Kahawa yetu ya Tarime ilikuwa na bei nzuri ng'ambo, basi usiku watu wanabeba kahawa kwenda, wanabeba sabuni na mafuta ya kupikia kurudi. Hata mlipoanza kukamatwa kwa uhujumu uchumi mwaka 1983, wapo waliochimba mashimo jikoni wakazika sabuni kama maiti. Sikuwalaumu. Lakini mimi sikuvusha kahawa."

Kimya.

"Mimi nilivusha ng'ombe."

Mkono wangu uliguswa na kitu kigumu, kirefu. Nikakichomoa nikatoka mbio.

Watu walikuwa wamesimama nusu. Mjomba alikuwa ameweka kiganja sikioni kana kwamba hakusikia vizuri.

"Aprili 1979," bibi alisema. "Wiki ile redio ilipotangaza kwamba jeshi letu limeingia Kampala. Mgambo wote walikuwa wanakunywa na kuimba. Niliwavua ng'ombe kengele. Niliwatoa kumi, weupe wanne, wekundu watano, na dume mmoja mweusi mwenye baka jeupe ubavuni. Nikawachunga peke yangu kwenye giza hadi kwenye jiwe. Jiwe hilohilo mlilolifukua. Wakati ule bado lilikuwa linaonekana."

"Mama," mjomba alisema, na ule utulivu ulikuwa umemtoka. "Mama, hakuna ng'ombe mweusi mwenye baka aliyewahi kuingia zizi la baba yangu."

"Najua."

"Basi uliwapeleka kwa nani?"

Koplo aliinuka. Ni jirani yetu, mstaafu wa JWTZ, na jina lake la kweli hata wajukuu wake wamelisahau. Koti la jeshi halivui hata siku za jua. "Mama, watu watasema ni mimi niliyekusaidia, maana boma langu ndilo la karibu. Niseme mapema. Aprili 1979 mimi nilikuwa Uganda na bunduki. Niliporudi ng'ombe wako nilikuta wamepungua, nikadhani wameibwa."

"Si wewe," bibi alisema. "Keti, mwanangu. Yule hakuwa wa huku."

Akanyoosha mkono kwangu nikampa kile kifurushi. Alifungua ngozi taratibu, vidole vikitetemeka kwa uzee, si kwa hofu. Ndani kulikuwa na kipande cha fimbo. Fimbo ya kuchungia, iliyosuguliwa ikang'aa, imevunjwa katikati. Upande mmoja ulikuwa mviringo, upande mwingine una meno ya mpasuko.

"Kijana alinisubiri upande wa pili wa jiwe. Alikuwa ametumwa, au alisema ametumwa, na baba yako. Aliwahesabu ng'ombe kwa kuwagusa mgongo mmoja mmoja, maana giza lilikuwa nene. Nilimwambia, mimi sijui kuandika, na usiku hauna shahidi. Akavunja fimbo yake. Nusu akanipa, nusu akachukua. Akasema siku deni hili likiulizwa, vipande hivi vitasema."

Alikiinua juu ili pande zote mbili wakione.

Hapo ndipo nilipomtazama tena mzee mmoja ambaye nilikuwa nimemwona tangu asubuhi. Alikuja nyuma ya watu wa ng'ambo, mrefu, kofia ya pama imeshushwa hadi kwenye nyusi, akaketi mwisho kabisa karibu na shina la mkuyu. Hakusalimiana na mtu. Mara tatu nilikuwa nimegeuka nikamkuta ananitazama, na mara tatu alikuwa ameangalia chini. Sasa hakuwa ananitazama. Alikuwa anakitazama kile kipande cha fimbo, na mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Sikujua kwamba ng'ombe hawakufika," bibi alisema. "Baada ya usiku ule mpaka ulibaki umefungwa miaka minne na miezi kadhaa, ningejuaje? Ulipofunguliwa, baba yako alikuwa ameshazikwa, na wewe hukusema neno. Nikadhani deni limekwisha. Lakini kuna jambo jingine, wazee. Na hili nalisema kwa sababu nimedaiwa mjukuu wangu mbele ya watu."

Mama alisimama kule kwenye migomba. "Mama, hapana," alisema. "Mama, tafadhali. Uliniapia."

Sijawahi kumsikia mama yangu akiinua sauti ritongoni. Hakuna mwanamke wa kijiji chetu niliyewahi kumsikia akifanya hivyo. Mwenyekiti aligeuka kumkanya, akauona uso wake, akaacha.

Bibi alimtazama mkwewe kwa huruma nyingi.

"Kijana yule alirudi," alisema. "Alirudi mwezi uliofuata bila ng'ombe, usiku. Akarudi na mwezi mwingine. Mimi nililala nyumba yangu, nikafumba macho yangu, kwa sababu boma hili lilihitaji mtoto. Mwaka 1980 likapata. Mtoto haulizi, na mimi sikumwambia. Lakini leo mnasema ng'ombe hawakuvuka na mtoto ni wa watu wengine. Basi nitawaambia ng'ombe wale walikwenda wapi, na nitawaambia kwa kumtaja aliyewachukua. Yupo hapa. Ameketi hapa tangu asubuhi."

Hakuna aliyekohoa.

Mzee wa kofia ya pama akainuka. Alitembea katikati ya watu polepole, na watu wakampisha bila kujua kwa nini wanampisha. Alipofika mbele ya ngozi ya bibi alipiga goti moja. Akaingiza mkono ndani ya koti. Alipoutoa, ulikuwa umeshika nusu ya fimbo, nyeusi kwa miaka na moshi.

Akaileta karibu na ile ya bibi. Meno ya mpasuko yakaingiana, jino kwa jino.

Mjomba alikuwa amesimama. Fimbo yake ilianguka na hakuiokota. "Vua kofia," alisema kwa sauti ya mtu anayekabwa. "Wewe. Vua kofia."

Mzee akaivua.

"Tulitahiriwa siku moja," mjomba alisema, akirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi kisigino chake kikagonga kigoda cha mwenyekiti. "Damu yetu ilidondoka kwenye jiwe moja. Ulipotea mwaka 1979 tukakutafuta hadi Mto Mara. Tulikuta shati lako ukingoni. Mama yako alinyoa nywele. Mimi mwenyewe... mimi mwenyewe nilikaa matanga yako."

Mzee aligeuza uso. Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi, na alipofungua mdomo kujibu, nikauona mwanya.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Ng'ombe kumi walikwenda wapi? Na kwa nini mtu aliyefanyiwa matanga amejitokeza wiki hiihii jiwe lilipofukuliwa? Usikose Sehemu ya Tano.